Nyumba imeshapigwa mnada na bado unadaiwa: mwongozo kamili wa deni linalobaki, kwa watu wa Tabora

Watu wengi wanaamini nyundo ya dalali ikishagonga basi mambo yameisha. Nyumba imekwenda, benki imechukua chake, wewe umehamia kwa shemeji Ipuli au umepanga vyumba viwili Ng'ambo, maisha yanaanza upya. Afu inakuja barua ya wakili ina muhuri mkubwa, inasema nyumba iliuzwa kwa kiasi hiki, deni lilikuwa kiasi hiki, kwa hiyo bado unadaiwa milioni kadhaa na una siku 14 za kulipa la sivyo utafikishwa mahakamani. Hapo ndo mtu anachanganyikiwa, mmoja anaitupa barua kwenye droo na kusubiri ipotee yenyewe, mwingine anakimbilia kulipa laki mbili tatu ili aonekane ana nia, na yote mawili yanaweza kukuumiza, nitaeleza huko chini kwa nini.

Kwanza tukubaliane jambo moja, deni linalobaki baada ya mnada kwa sheria zetu ni deni la kweli. Rehani ni ulinzi wa mkopo, mkopo wenyewe uko kwenye mkataba uliosaini, na kama kwenye mkataba ulijifunga wewe binafsi kulipa (karibu wote tunajifunga, hata bila kusoma) basi kilichopungua mkopeshaji anaruhusiwa kukudai. Marekani kuna majimbo, California mojawapo, ambako benki ikiuza nyumba bila kupita mahakamani haiwezi kurudi kukudai baki. Sisi hatuna kitu cha namna hiyo, kwa hiyo ukisikia mtu kijiweni anasema "wakishauza hawakudai tena" muulize kasomea wapi.

Ila deni kuwa halali haina maana kwamba namba iliyoandikwa kwenye barua ni sahihi. Mimi ni msaidizi wa kisheria, barua hizi napitishiwa mara kwa mara, na nachokiona ni kwamba watu wanapoteza nguvu zote kulilia nyumba ambayo mara nyingi hairudi tena, wakati kwenye ile namba kuna hela nyingi tu ambazo zingeweza kufutwa. Kwa hiyo humu tutaikagua hiyo namba tangu mwanzo mpaka mahakamani.

Kama nyumba bado haijauzwa, soma hapa kwanza

Sitakaa sana hapa maana kichwa cha habari kinahusu baada ya mnada, ila deni la baki linazaliwa siku ya mnada kwa hiyo pa kulizuia ni hapa.

Sheria ya Ardhi ya 1999, sehemu ya rehani (ikafanyiwa marekebisho 2004, afu ikaja Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya 2008), inamtaka mkopeshaji akuandikie notisi ya kushindwa kulipa inayosema umekosea nini, unadaiwa kiasi gani, na kwamba hatua zitaanza baada ya siku 60 tangu uipokee. Siku 60 zinahesabiwa toka ulipoipokea, sio toka siku waliyoichapa, kwa hiyo bahasha usitupe, andika tarehe na nani alikuletea.

Ndani ya hizo siku 60 kitu kimoja kinafanya kazi kuliko vyote, nacho ni kuuza mwenyewe. Nenda benki na barua, omba ruhusa ya kutafuta mnunuzi, hela ipite moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, wao waachie hati. Mtu anayenunua kwako kwa utulivu, kaja na mke wake kuangalia kisima na chumba cha wageni, anatoa bei ambayo dalali hatoipata kamwe. Na ukiweza pima msimu, maana hapa Tabora kila mtu anajua hela ya tumbaku ikishalipwa wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanaingia mjini kutafuta viwanja na nyumba, ila kipindi cha mvua watu wako shambani wanahangaika na pembejeo na mnada unaweza kuwa na watu watatu, wawili wao wamekuja kushangaa.

Hatua ya kwanza: usijibu kwa simu, na usilipe hata shilingi

Najua inasikika kama ukaidi ila sio. Sheria ya ukomo wa madai inasema deni la mkataba lina muda wake wa kudaiwa mahakamani, kwa kawaida miaka 6, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi aliyoyasaini, au akilipa sehemu, saa inaanza kuhesabu upya. Sasa barua ya mwaka juzi umeikalia kimya, leo unatuma laki mbili na ujumbe "naomba mnivumilie nitamalizia", umeshawapa vitu viwili kwa mkupuo, muda mpya na ushahidi kwamba namba yao unaikubali. Simu nazo zinarekodiwa, na afisa wa madeni anajua kukuuliza kwa upole "kwa hiyo mzee hii milioni 26 utaimaliza lini?"

Kukaa kimya nako hakufai, maana kimya kinaleta kesi. Andika barua fupi isemayo umepokea barua yao ya tarehe fulani, hukubali wala hukatai kiasi kilichotajwa mpaka upewe nyaraka, na barua hii inaandikwa bila kuathiri haki zako. Inatosha. Peleka mwenyewe na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, ama tuma kwa posta ya rejista.

Hatua ya pili: omba makaratasi haya

Kwenye barua hiyohiyo omba:

- barua ya mkopo na mkataba wa rehani, pamoja na mkataba wa udhamini kama upo
- notisi ya siku 60 na ushahidi kwamba uliipokea
- stetimenti ya akaunti ya mkopo toka siku ya kwanza mpaka leo, sio ya miezi sita
- ripoti ya uthamini, ile ya wakati unakopa na ile ya kabla ya mnada
- tangazo la mnada na ripoti ya dalali, yaani nani walishindana, bei zilizotajwa, nani kashinda
- mchanganuo wa gharama walizokata, kila gharama na risiti yake

Wakikuzungusha, kila benki ina utaratibu wa kushughulikia malalamiko na juu yake kuna dawati la Benki Kuu kwa ajili ya wateja wa huduma za fedha, lina kanuni zake za 2019. Lakini anza na benki yenyewe kwa maandishi, Benki Kuu watakuuliza kama ulishalalamika kule. Kama aliyekukopesha ni kampuni ndogo ya mikopo, hizi za ghorofani pale mjini, nazo ziko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na zinatakiwa ziwe na leseni, iulizie.

Hatua ya tatu: fanya hesabu yako mwenyewe

Hapa ndo penye nyama. Chukua daftari.

Hela ya mnada ina foleni yake kisheria. Inaanza na kodi na tozo zinazodaiwa kwenye ardhi yenyewe, kodi ya pango la ardhi na kadhalika, afu rehani iliyotangulia kama ilikuwepo, afu gharama za kuuza zilizo za msingi na zilizotumika kihalali, ndipo deni lenyewe na riba. Baada ya hapo wanakuja wenye rehani za nyuma, na kikibaki ni chako. (Ndio, kikibaki ni chako, na kuna watu wamedai baki lao wakalipwa, msisahau upande huo.)

Tuweke mfano wa kubuni. Deni siku ya mnada ni milioni 61, riba na faini zote ndani. Nyumba Isevya imeuzwa milioni 38. Kodi ya ardhi ilikuwa laki 2, dalali, matangazo na uthamini jumla milioni 3.4. Ukitoa unabaki na milioni 34.4 iliyoingia kwenye deni, kwa hiyo barua inakuja ya milioni 26.6. Mtu anaiona namba anakata tamaa. Sasa ipekue.

Angalia tarehe. Mnunuzi wa mnada kwa kawaida anatoa sehemu papo hapo, matangazo mengi yanasema asilimia 25, na iliyobaki anamalizia ndani ya wiki mbili hivi. Je hela ilipoingia benki iliwekwa kwenye akaunti yako ya mkopo siku hiyohiyo? Kuna mama mmoja wa hapa mjini stetimenti yake tuliitandika mezani, karatasi za printa zile zinazoungana, nikawa napita na rula mstari kwa mstari, mnada ulikuwa mwezi wa tatu na hela ya mnunuzi imeonekana kwenye akaunti yake mwezi wa nane, katikati riba inapigwa kila tarehe ya mwisho wa mwezi juu ya deni zima kana kwamba nyumba haijauzwa. Mistari mitano. Tuliandika barua moja kuuliza hela ilikaa wapi hiyo miezi yote, jibu halikuja na maelezo yoyote, lilikuja na stetimenti mpya na ile mistari haimo.

Angalia riba ya faini. Je mkataba unaitaja, na kwa kiwango gani? Kama barua ya mkopo haisemi kitu kuhusu faini ya kuchelewa basi hiyo faini imetoka wapi?

Angalia bima. Mikopo mingi unakatwa bima ya maisha na ya moto, ukikuta bima ya moto ya nyumba imeendelea kukatwa wakati nyumba ni ya mtu mwingine, hiyo inarudi. Angalia na gharama za wakili zilizoingizwa kimyakimya kabla hata hakuna kesi, na gharama za minada iliyoahirishwa, maana dalali akikosea tangazo na kurudia, kosa lake unalipia wewe kwa msingi gani?

Mwisho wa zoezi hili unakuwa na namba mbili, yao na yako. Iandike yako na jinsi ulivyoipata, utaihitaji mpaka mwisho.

Hatua ya nne: pima bei ya mnada

Hii ndo silaha kubwa na watu wengi hawaijui. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamwekea mkopeshaji anayeuza wajibu wa kuchukua tahadhari zote za msingi apate bei nzuri kadiri inavyowezekana. Na kinasema zaidi: bei ikiwa chini kwa asilimia 25 au zaidi ya bei ya wastani ya mali za aina hiyo kwenye soko la kawaida, inachukuliwa kwamba mkopeshaji amevunja wajibu wake mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Yaani mzigo wa kujieleza unahamia kwake. Na hata bei ikishuka kwa chini ya asilimia 25 haina maana moja kwa moja kwamba katimiza wajibu, ila hapo wa kuthibitisha ni wewe.

Turudi kwenye mfano. Nyumba kama ile pale Isevya zinauzwa wastani milioni 55. Asilimia 75 ya 55 ni milioni 41.25. Imeuzwa 38, iko chini ya mstari. Sasa piga hesabu kana kwamba imeuzwa 55: deni 61 jumlisha gharama 3.6 toa 55, baki ni milioni 9.6 badala ya 26.6. Milioni 17 zinagombaniwa kwa sababu ya bei peke yake.

Ushahidi wa bei unapatikana hivi. Mthamini aliyesajiliwa akufanyie ripoti ya thamani ya soko kwa tarehe ya mnada, hii inagharimu ila kwa deni la mamilioni inalipa. Mikataba ya mauziano ya nyumba za jirani, mingi inapita serikali ya mtaa kwa hiyo mwenyekiti na mtendaji wanajua nani kauza kwa ngapi, na majirani walionunua karibuni ukiwaendea kwa adabu wanakupa nakala. Na ile ripoti ya uthamini ya benki yenyewe, hii usiache kabisa. Kwenye ripoti hizo huwa kuna namba mbili, thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka ambayo iko chini, na benki nyingi wanaweka bei ya kuanzia mnada kwenye hiyo ya chini. Sheria lakini inazungumzia bei ya soko la kawaida, kwa hiyo wakikuonyesha ya kuuza kwa haraka geuza ukurasa uwaonyeshe ya soko.

Halafu mnada wenyewe. Sheria ya Madalali inataka tangazo la wazi la siku zisizopungua 14 kabla ya kuuza ardhi, litolewe mji mkuu wa wilaya ilipo ardhi na pia pale mahali pa mnada. Nyumba iko Urambo, tangazo lililobandikwa Tabora mjini peke yake halitoshi. Na sio karatasi tu, sheria hiyo ya zamani inataja mpaka kupiga ngoma au njia nyingine ambayo hata asiyejua kusoma ataelewa, na litaje jina na makazi ya mwenye mali. Siku hizi ngoma imekuwa gari la matangazo na spika juu, sawa, ila swali ni lilipita au halikupita? Majirani watasema. Kata kipande cha gazeti, angalia tarehe yake na tarehe ya mnada, hesabu siku kwa vidole. Uliza na mnunuzi ni nani, kama ni shemeji wa dalali au mtu wa ndani ya benki hiyo inaongeza uzito mkubwa.

Kitu cha kuelewa hapa ili usipoteze hela za wakili: mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa na sheria, kwa hiyo nyumba kurudi ni vigumu na inazidi kuwa vigumu kila siku inayopita. Ila aliyeumizwa na uuzaji mbovu bado ana haki ya fidia dhidi ya mkopeshaji, na fidia hiyo ndo unaitumia kupunguza au kufuta kabisa deni la baki. Wanasheria wengine watakuvuta ufungue kesi kubwa ya kurudisha nyumba kwa sababu inasikika vizuri. Mimi nikipewa kuchagua napigania namba.

Hatua ya tano: je ni wewe kweli unayedaiwa?

Mjini hapa kuna wazee wengi ambao hawajawahi kukopa hata mia ila nyumba zao zimepigwa mnada, kijana wake alichukua mkopo wa biashara ya mpunga baba akatoa hati. Mzee kama huyu akipata barua ya baki asome kwa makini alisaini nini. Kama alisaini mkataba wa rehani tu, yaani alitoa nyumba iwe dhamana ya deni la mtu mwingine bila kuahidi kulipa yeye binafsi, dhima yake inaishia kwenye nyumba na baki ni la kijana. Ila kama pamoja na rehani alisaini karatasi ya udhamini binafsi, hapo anadaiwa sawasawa na mkopaji kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, na benki inaweza kumfuata hata kabla ya kijana. Karatasi hizi mbili zinawekwa pamoja siku moja na kusainiwa harakaharaka, wengi hawajui wamesaini ipi. Na kama kuna ukomo wa kiasi kwenye udhamini, mfano milioni 40 tu, hawawezi kumdai zaidi ya hapo.

Mke au mume. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi zote zinasema hivyo, ingawa tangu 2008 mkopaji ndo anabebeshwa kutaja kama ana ndoa, kwa hiyo mume aliyeapa kwamba ni kapera kamharibia mkewe sana. Kwa deni la baki lakini, mama ambaye alisaini ridhaa tu hajawa mkopaji. Kuridhia rehani na kuahidi kulipa ni vitu viwili. Wakikuandikia na wewe mama barua ya madai, waulize ahadi yako ya kulipa iko ukurasa gani.

Hatua ya sita: mezani

Ukishakuwa na namba yako na ushahidi wako, hapo ndo nenda kaongee. Mkopeshaji naye anajua kesi inachukua muda na mdaiwa ambaye nyumba yake imeshauzwa hana vingi vya kukamata. Omba vitu vitatu: wasahihishe hesabu, riba isimame toka tarehe ya mnada, na kilichobaki ulipe kwa awamu ambazo unaziweza kweli au kwa mkupuo mmoja wenye punguzo. Mkupuo una nguvu sana, mtu aliyeuza asali au mpunga akaja na hela mkononi anasikilizwa kuliko wa ahadi za miaka mitano.

Usikubali kwa mdomo. Iwe hati ya makubaliano imesainiwa na mwenye mamlaka, sio afisa wa dirishani, iseme wazi kwamba ukilipa kiasi hiki deni lote limekwisha. Na ukimaliza dai barua ya kufunga deni, afu hakikisha wamepeleka taarifa kwenye kampuni za taarifa za mikopo, maana jina likibaki kule kama mdaiwa sugu benki ya pili na ya tatu zitakukataa bila kukwambia sababu.

Awamu zikikushinda katikati, rudi uongee kabla ya tarehe, sio baada.

Hatua ya saba: samansi imekuja

Samansi ikishafika acha mambo ya kujificha kwa jirani. Ukipokea karatasi za kesi ya kawaida una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi, na usipofanya hivyo hukumu inaweza kutoka upande mmoja. Kuwa makini na aina moja ya kesi, ile ya njia ya haraka chini ya Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, ambayo inatumika kwenye madai ya rehani: hapo huruhusiwi hata kujitetea mpaka kwanza uombe kibali cha mahakama, na kwenye ombi uonyeshe una hoja ya kweli. Ukiandika utetezi wa kawaida kwenye kesi ya namna hii ni kama hujaandika. Samansi yenyewe inasema ni ya aina gani, isome yote, au mpelekee anayejua siku hiyohiyo.

Wakili ukimweza mchukue. Usipomweza kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ulizia kwa msajili msaidizi ofisi za halmashauri, wasaidizi wa kisheria tupo na hatutakiwi kukutoza. Na toka 2021 lugha ya mahakama kisheria ni Kiswahili kwa hiyo usiogope kuandika utetezi wako kwa lugha unayoielewa.

Kwenye utetezi usiandike "nyumba yangu iliuzwa kwa dhuluma" ukaishia hapo. Hakimu anataka namba. Andika kwamba hukubali kiasi kinachodaiwa, taja mistari ya stetimenti unayoipinga kwa tarehe na kiasi, taja bei ya soko na ya mnada na asilimia yake, taja upungufu wa tangazo, afu weka madai kinzani ya fidia kwa kuuza chini ya bei ili yakatwe kwenye chochote utakachoonekana unadaiwa. Ambatisha ripoti ya mthamini. Madai kinzani yana ada ya mahakama, jiandae.

Mkopeshaji kwa upande wake anatakiwa athibitishe mkopo, notisi, mnada halali, hela iliyopatikana na jinsi ilivyogawanywa. Kuleta barua yake mwenyewe inayosema "baki ni milioni 26.6" sio uthibitisho, mbane kwenye kila kiungo hapo.

Hatua ya nane: umeshindwa, sasa nini

Hukumu ikitoka dhidi yako bado kuna kazi. Kwanza omba kulipa kwa awamu, mahakama ina uwezo wa kuamuru hivyo ukionyesha kipato chako kwa ukweli, pamoja na ada za watoto na kodi ya nyumba. Riba baada ya hukumu nayo huwa inashuka, kiwango cha mahakama ni asilimia 7 kwa mwaka, au kilichokubaliwa kwa maandishi lakini kisichozidi 12, ambayo ni nafuu kubwa ukilinganisha na riba ya mkataba.

Wakija kukazia hukumu, kuna vitu ambavyo haviguswi. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinalinda nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi, kwa mkulima zana zake na ng'ombe na mbegu anazohitaji kuishi, na ardhi ya kilimo ya mtu ambaye maisha yake yanaitegemea hiyo tu. Kinalinda pia nyumba ya kuishi wewe na familia yako. Hii ya nyumba haikusaidia kule mwanzo kwa sababu uliiweka rehani mwenyewe, ila kwa deni la baki ambalo halina rehani tena, kale kanyumba unakokaa sasa na watoto kamelindwa, ilimradi uthibitishe kweli unaishi humo. Nyumba ya kupangisha, kiwanja kitupu, pikipiki ya biashara na hela zilizoko benki hazina kinga hiyo. Wakikamata mali ya mke au ya ndugu kwa kudhani ni yako, mwenye mali ndo anapeleka pingamizi mahakamani, sio wewe, na alete risiti.

Jela. Watu wanaiogopa hii kuliko yote. Mfungwa wa madai yupo kisheria, ila sio polisi wa kukukuta asubuhi, anayekudai anaomba mahakamani, unaitwa ujieleze kwa nini usifungwe, na hakimu anaangalia kama una uwezo unaficha au huna kweli. Yeye anayekudai ndo anayelipia chakula chako huko ndani, ndo maana hawaikimbilii. Ila kufungwa hakufuti deni, ukitoka linakusubiri. Ukiitwa kujieleza nenda, na uende na vielelezo vya umaskini wako kama vipo. Afisa wa madeni anayekutishia polisi kwa simu wakati hakuna hata kesi, andika jina lake na saa aliyopiga, hiyo nayo inaingia kwenye malalamiko.

Na hukumu ina maisha marefu, inaweza kukaziwa ndani ya miaka 12. Kwa hiyo aliyeshindwa kesi akajisemea atakaa kimya mpaka wasahau, watamkumbuka siku anayoandikisha kiwanja kipya kwa jina lake.